Maziwa ya Mlima Kenya na Njia Ziendazo Huko: Shauri kwa Msafiri wa Pwani

Sisi tukaao Majoreni, kati ya Shimoni na Vanga, tumezoea maji ya namna mbili: maji ya bahari, yajaayo na kupwa kila siku mbele ya mikoko yetu, na maji ya visima na mito tunyweshayo mashamba. Namna ya tatu wengi wetu hatujaiona kwa macho. Ni maji ya ziwa lililo juu mno ya usawa wa bahari, ambalo alfajiri huwa na ganda jembamba la barafu ukingoni, wala kando yake hapana mnazi, wala mwembe, wala nyumba ya mtu. Maziwa hayo hayako Ulaya peke yake. Yako katika nchi yetu hii hii, juu ya Mlima Kenya.

Zamani safari ya huko ilidhaniwa kuwa ni mchezo wa wageni. Leo sivyo. Shule na vyama vya vijana huenda, na mpango wa President's Award, ulioanza Kenya mwaka wa 1966, huwafundisha vijana wetu safari za miguu. Tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka wa 2017, mtu avukaye kivuko cha Likoni alfajiri aweza kulala Nairobi usiku huo huo, na kesho yake akawa miguuni pa mlima. Wepesi huo ni neema, lakini ndani yake mna hatari: gari humpandisha mtu upesi kuliko damu yake iwezavyo kufuata. Kwa hiyo yafaa kila mzazi anayeombwa ruhusa na mwanawe, na kila karani au mwalimu anayetaka kuitumia likizo yake huko, ajue mambo haya kabla ya kufunga mzigo.

MLIMA WENYEWE

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana. Moto wake ulianza yapata miaka milioni tatu iliyopita. Vilele vyake vikubwa ni vitatu. Batian kina kimo cha meta 5,199, yaani futi 17,057. Nelion kina meta 5,188. Na Lenana kina meta 4,985. Majina hayo yalitolewa kwa heshima ya wakuu wa Wamasai: Mbatian, laibon aliyesifika sana, Nelieng, ndugu yake, na Lenana, mwanawe. Batian na Nelion ni miamba mitupu, na haipandiki ila kwa kamba na kwa mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Lenana hupandwa kwa miguu, na hicho ndicho kilele cha msafiri wa kawaida.

Maziwa yenyewe yalifanywa na barafu. Katika zama za baridi kuu barafu ilishuka kutoka vileleni hadi chini ya meta 3,500, ikikwangua mawe kama seremala akwanguavyo ubao kwa randa. Ilipoyeyuka iliacha mabonde mapana yenye kuta zilizosimama wima, na katika sakafu za mabonde hayo yakabaki mashimo yaliyojaa maji. Baadhi ni maziwa ya kupendeza, na mengine ni vidimbwi tu vilivyo juu kabisa, karibu na mawe ya vilele.

WATU WA PWANI WALIOTANGULIA

Asidhani mtu kwamba sisi wa Pwani ni wageni kabisa wa mlima huo. Mmisionari Krapf, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri mpaka Ukambani kwa Mzee Kivoi wa Kitui, na tarehe 3 Desemba, 1849, akauona mlima huo ukiwa na theluji juu yake. Habari ilipofika Uingereza, baadhi ya wataalamu waliokuwa wamekaa vitini mwao hawakusadiki kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Tena mwaka mmoja tu kabla ya hapo mwenziwe, Rebmann, aliyetoka pia Rabai, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro.

Miaka 50 baadaye Mwingereza Halford Mackinder alikuja na viongozi wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, nao watatu wakafika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba, 1899. Lakini mizigo haikupanda yenyewe. Katika msafara ule walikuwamo wapagazi wa Kiswahili 66, pamoja na Wakikuyu wengi na Wamasai wawili walioonyesha njia. Watu wa nchi za joto walitembea kwa mavazi mepesi mpaka penye baridi isiyo na huruma. Wengine hawakurudi makwao. Vilele vimepewa majina ya Wamasai na ya wageni. Hakuna jiwe lililopewa jina la mpagazi wa Kiswahili. Yafaa msafiri wetu wa leo akumbuke hayo atakapomwona mpagazi wake amebeba mzigo mzito, ampe ujira wake kamili, na ahakikishe kwamba naye ana blanketi na koti.

Na usiku wa tarehe 12 Desemba, 1963, nchi ilipopata uhuru, Mkenya mwenzetu Kisoi Munyao ndiye aliyeipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima ule.

NJIA YA CHOGORIA, NJIA YA MAZIWA

Njia zitumikazo sana ni tatu: Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini-magharibi, na Chogoria upande wa mashariki. Atakaye kuona maziwa na aishike ile ya Chogoria. Ni ndefu kuliko zile mbili, na urefu huo ni faida yake, kama tutakavyoona.

Chogoria ni mji mdogo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru. Umejulikana sana kwa hospitali ya misheni ya Kanisa la Scotland iliyoanzishwa na Dakta Clive Irvine aliyefika huko mwaka wa 1922. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Ernest Carr alikata njia ya kupanda mlima kutoka huko na kujenga kibanda mahali paitwapo Urumandi.

Siku ya kwanza msafiri hutoka mjini akapita mashamba ya chai, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi, mpaka lango la hifadhi lililo katika kimo cha meta 2,950. Ni mwendo wa kilometa 30 hivi, na wengi hupanda kwa gari. Humo msituni mna ndovu na mbogo, basi asiyetumia gari asitembee pasipo kiongozi. Langoni mna nyumba za kupanga na mahali pa kupiga hema. Yafaa kulala hapo, hata kama jua bado li juu.

Siku ya pili msitu huisha na nchi hufunguka. Kwa mwendo wa saa nne au tano msafiri hufika Ziwa Ellis, lililo katika kimo cha meta 3,450 hivi. Ni ziwa pana lililotulia katikati ya majani marefu, na wakati ukungu unapoondoka vilele vyote huonekana mbele. Mwenye siku ya ziada aweza kuendelea upande wa kaskazini mpaka Ziwa Alice, karibu na kilima cha Ithanguni. Wavuvi wetu watapenda kujua kwamba baadhi ya maziwa na mito ya mlima huu ina samaki waitwao trauti, ambao asili yao ililetwa Kenya kutoka Scotland mwaka wa 1905. Huvuliwa kwa ndoana na kwa kibali. Jarife na madema hayana kazi huko.

Siku ya tatu njia huingia katika Bonde la Gorges. Hapo ndipo mtu aonapo kazi ya barafu ya kale: kuta za mawe huku na huku, na Mto Nithi ukishuka kwa maporomoko katikati. Moja la maporomoko hayo huitwa Vivienne. Baada ya saa tano au sita hufikiwa Ziwa Michaelson, karibu na meta 4,000. Liko chini ya mwamba uitwao Temple, uliosimama juu yake kama ukuta wa yapata meta 300. Maji ni meusi kwa vivuli vya mawe asubuhi, na mchana hugeuka kijani. Hewa imetulia kiasi kwamba mtu akizungumza ng'ambo moja, wa ng'ambo ya pili husikia.

Pande zote kuna mimea ambayo Pwani haipo. Lobelia na senesio, ambazo katika nchi nyingine ni majani madogo, huko hukua kupita kimo cha mtu. Kila mchana jua huchoma na kila usiku maji huganda, basi mimea hiyo imefundishwa na Muumba kujihifadhi. Senesio haiyaangushi majani yake makavu, bali hujivika kama joho shina lake lisipate baridi. Namna moja ya lobelia huweka maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chipukizi lililo chini hubaki salama. Kati ya mawe hukaa pimbi wenye manyoya mengi, ambao hawamwogopi mtu, na watamwibia chakula asipokifunika.

Siku ya nne ni ya kupanda ukuta wa bonde mpaka vidimbwi viitwavyo Hall Tarns, katika meta 4,300 hivi, karibu na kibanda cha Minto. Msafiri akisogea kwa uangalifu ukingoni, hulitazama Ziwa Michaelson lililo chini kabisa kama sarafu iliyoanguka kisimani. Kutoka hapo njia hupanda kwenye changarawe mpaka penye upenyo wa Simba, na mwisho Lenana, ambako desturi ni kufika mapambazuko kabla mawingu hayajakusanyika.

Kuteremka kwa njia nyingine ni desturi nzuri. Ya Sirimon ni kavu zaidi. Hupitia kambi ya Shipton iliyo katika meta 4,200, na Old Moses katika meta 3,300. Ya Naro Moru ni fupi. Hupita Bonde la Teleki na kinamasi kirefu kinachochosha magoti.

UGONJWA WA KIMO

Sasa tufike penye jambo kuu. Katika kilele cha Lenana kila pumzi huleta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile tupatayo Majoreni. Mwili waweza kujizoeza, lakini hufanya hivyo kwa siku, si kwa saa. Mtu akipanda upesi hupatwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na kuchukia chakula. Huo ndio ugonjwa wa kimo. Haumchagui mzee wala haumwogopi kijana. Mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayeugua, kwa kuwa ndiye anayekimbia.

Kanuni ni hii: ukisha kupita meta 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya meta 300 hadi 500 kwa usiku mmoja, na baada ya kila siku tatu au nne yafaa siku ya kupumzika. Kwa sababu hiyo tuliisifu njia ndefu. Na pale njia inapolazimisha kupanda zaidi, kama kutoka Ziwa Ellis mpaka Michaelson, ni busara kulala siku mbili mahali pamoja. Maji yanywewe kwa wingi, na pombe iachwe nyumbani.

Kichwa kikiuma, asipande zaidi mpaka kipone. Lakini zipo dalili zisizongoja asubuhi: mtu kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyo na mpango, kuhema hali amekaa kitako, au kukohoa na kutoa mate yenye povu. Huyo ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku, na asiachwe ateremke peke yake. Dawa zipo, na daktari aweza kuzieleza kabla ya safari, lakini hakuna dawa ipitayo kuteremka.

Kuna neno moja ambalo latuhusu hasa sisi wa Pwani. Ugonjwa wa selimundu umeenea katika nchi zetu zilizokuwa na malaria nyingi. Mwenye ugonjwa huo asiende mlimani, kwa maana uhaba wa oksijeni waweza kuamsha maumivu makali na kuhatarisha maisha yake. Hata yule aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, asiyejiona mgonjwa, yafaa amwone daktari kwanza. Kipimo cha damu ni kitu kidogo kikilinganishwa na msiba.

Wala msaada wa huko juu hauji upesi. Septemba 1970 daktari mmoja wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu. Ilichukua zaidi ya juma zima kumshusha akiwa hai, na waokoaji wengine waliletwa kwa ndege kutoka Ulaya. Rubani wa helikopta aliyekwenda kusaidia alianguka na chombo chake akafa. Njia tulizozieleza si za miamba kama ile, lakini fundisho ni moja: mlimani kosa dogo hulipiwa na watu wengi.

VITU VYA KUCHUKUA NA WAKATI WA KWENDA

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma kwetu, na tena Julai hadi Septemba. Masika na vuli huleta matope na theluji, na upande wa Chogoria ndio unaopata mvua nyingi. Sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda peke yake. Na achukue kiongozi anayejulikana langoni.

Mtu wa Pwani hukosea katika nguo kuliko jambo lolote. Blanketi la nyumbani halitoshi. Huhitajiwa mfuko mzito wa kulalia, sweta mbili za sufu, koti la mvua lisilopenya maji, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za akiba, na buti zilizokwisha kuzoea miguu. Taa ya kichwani, miwani ya jua na mafuta ya kupaka usoni si anasa, kwa maana jua la huko huchoma kuliko la ufukoni. Maharagwe makavu yaachwe: katika meta 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 tu, na maharagwe yatakula mafuta yote ya jiko yasiive. Mchele, unga wa uji, viazi, sukari na samaki mkavu vyafaa zaidi.

Mazoezi yaanze nyumbani miezi miwili kabla. Vilima vya Shimba ni karibu, na kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick na kupanda tena ni kazi njema kwa miguu. Lakini vilima hivyo havifiki meta 500. Vitaimarisha magoti, havitazoeza mapafu. Hilo litafanyika mlimani penyewe, polepole.

MAJI YA MLIMA NA SISI

Mzee wa kwetu aweza kumwuliza kijana: "Mwanangu, huko baridini umepoteza nini hata uende kutafuta?" Ni swali la haki, nalo lina jibu. Mto Nithi utokao katika Ziwa Michaelson huishia katika Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini, katika pwani yetu hii. Mito mingine ya mlima huo huo hujaza mabwawa ya Tana, kama Masinga na Kamburu, yatoayo umeme uwakao mpaka huku. Kwa hiyo maji ya mlimani si habari ya mbali kwa mkulima wa Majoreni.

Nayo yamo katika mashaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilihesabiwa barafu 18 juu ya Mlima Kenya. Nyingi zimekwisha kabisa, na ile kubwa iitwayo Lewis imekatika vipande na kubaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa. Wataalamu wanatuambia kwamba mito hulishwa zaidi na mvua na msitu kuliko barafu. Basi barafu ikipotea, msitu ndio akiba. Lakini moto mkubwa uliteketeza nyanda za juu za mlima mwaka wa 2012 na tena mwaka wa 2019. Senesio huchukua miaka mingi mno kukua, na moto wa mtu mmoja asiyejali waweza kuiunguza kwa alasiri moja. Msafiri apikie jiko, asiwashe kuni, na takataka zake ateremke nazo.

Basi mwenye nia na aende, lakini aende kama nahodha mwenye akili aendavyo baharini: ajue majira, ajue chombo chake, na awe tayari kugeuza tanga hali kilele kinaonekana. Hapana aibu kurudi kutoka Ziwa Ellis mtu akiwa mzima. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Neno lao halikuwa la kumkataza mtu kupanda, bali la kumkumbusha kwamba safari haijaisha mpaka amefika nyumbani kwa mama yake.